Mwanangu, hiyo mashine ni yako au umeazima?

Tulikuwa tumekaa chini ya mwarobaini, uani kwa mwenyekiti wetu, Nzuguni. Ilikuwa Jumapili ya Agosti, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi hadi kwenye vikombe vya chai. Wanachama 22 wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wote wamefika.

Sanduku lilikuwa katikati ya mkeka. Washika funguo watatu walishafungua kufuli zao, faini za waliochelewa zilishadondoka kwenye bakuli, mwenyekiti alishasema neno lake. Nilikuwa nimebaki mimi. Mimi ndiye katibu wa kikundi, na siku hiyo ilikuwa ya kusoma masalio: kila mtu asikie mbele ya wenzake ana hisa ngapi, anadaiwa kiasi gani, amerejesha nini tangu Januari.

Nikaweka laptopu juu ya stuli, nikavuta waya wa umeme kupitia dirishani kwa mwenyekiti, maana betri ilishakufa siku nyingi. Nikawasha.

Vidoti vikaanza kuzunguka. Chini yake kukawa na maneno kwamba inajiwekea apdeti, yaani marekebisho ya programu yanayoletwa kwa intaneti, kwa hiyo nisizime kompyuta, na namba: asilimia 27.

"Dakika mbili tu, jamani," nikasema.

Baada ya dakika ishirini bado ilikuwa 27.

Kuna bibi mmoja kwenye kikundi chetu, mwanachama tangu siku ya kwanza. Hasomi wala haandiki, lakini hisa zake anazijua kwa kichwa kuliko ninavyozijua mimi kwa maandishi. Alijiinua taratibu, akaja kusimama nyuma yangu, akakitazama kile kioo kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hiyo mashine ni yako au umeazima?"

"Ni yangu, bibi."

"Sasa mbona inafanya kazi ya mtu mwingine?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa perege wa Mtera. Wiki ya kumi na tano hii, na bado nalimeza halishuki. Ndiyo maana naandika.

Namba iliyochelewa

Ilipofika asilimia 61 umeme ukakatika.

Sitaki kuieleza sana ile kimya iliyofuata. Aliyewahi kuwa katibu au mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa anaijua. Fedha za kikundi ni fedha za watu wanaouza mboga Majengo, wanaoshona, wanaofuga kuku wawili watatu. Namba yao ikichelewa kusomwa, kila mmoja anaanza kuipiga hesabu upya kichwani, na akimaliza anamtazama aliyeishika.

Mama mmoja, ambaye sina ugomvi naye hata kidogo, aliuliza kwa upole: "Katibu, kwani hizo hesabu zipo kweli?"

Zilikuwepo. Sikuwa na namna ya kumwonyesha.

Mwaka 2023 ni mimi niliyewashawishi wenzangu tuhame kwenye daftari la leja twende kwenye kompyuta. Niliwaambia kompyuta haikosei kujumlisha, haichaniki, hailowi mvua ikitukuta tukitoka mkutanoni. Yote hayo ni kweli. Ila sikuwaambia kwamba inaweza kuamua yenyewe kwamba leo ina shughuli nyingine. Sikuwaambia kwa sababu sikuwahi kulifikiria.

Siku ile tulisoma masalio ya nusu ya watu kwa kumbukumbu na vikaratasi. Marejesho ya watu watatu yakaleta ubishi, tukayaahirisha. Alasiri umeme uliporudi nikaiwasha nyumbani. Ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko, ikazunguka karibu saa nzima, halafu ikafunguka kama vile hakuna lililotokea. Hesabu zote zilikuwa mahali pake, hadi shilingi ya mwisho.

Nilikaa nikazitazama nikalia.

Nukta ya rangi ya chungwa

Hasira zangu zilikuwa na pa kwenda kwa siku mbili tu. Siku ya tatu nilianza kukumbuka.

Kwa wiki tatu kabla ya mkutano ule, kulikuwa na nukta ndogo ya rangi ya chungwa kwenye alama ya kuzimia kompyuta. Nilikuwa naiona kila siku, sijawahi kujiuliza inasema nini. Jumamosi usiku, watoto wamelala, macho yangu yanafunga, nilibonyeza mstari wa kwanza ulionijia mbele. Mstari ule ulikuwa wa kuweka apdeti kisha kuzima. Nikafunika laptopu nikaenda kulala.

Kumbe apdeti kubwa inafanywa kwa awamu. Sehemu moja inafanyika kompyuta inapozimwa, nyingine inasubiri iwashwe tena. Ile sehemu ya pili ndiyo niliyoibeba kwenye mkoba hadi Nzuguni.

Kwa hiyo aliyeiruhusu ni mimi. Au si mimi?

Hapa nilikwama siku nyingi. Mtu akikuuliza jambo usiku wa manane ukiwa na usingizi, ukamjibu "haya", umekubali? Na kama alikuuliza jana, akauliza leo tena na kesho tena hadi kidole kikateleza? Nikarudi kusoma yale masharti marefu ambayo sote tunayapita kwa kubonyeza kwamba tumekubali. Masharti ya Windows, mfumo unaoiendesha kompyuta yangu, yanasema wazi kwamba programu ile haiuzwi, unapewa leseni ya kuitumia. Yanasema pia kwamba kwa kuyakubali, umekubali kupokea apdeti za moja kwa moja bila kupewa taarifa nyingine.

Basi jibu nililompa bibi lilikuwa nusu ya ukweli. Chuma ni changu. Kioo kile chenye ufa pembeni ni changu, kibodi iliyopoteza herufi ya H ni yangu. Ila kilichomo ndani, kinachokifanya chuma kile kiwe kompyuta, nimepewa ruhusa ya kukitumia.

Bibi asiyejua kusoma aliliona hilo kwa dakika moja.

Fundi akaizima kabisa

Wiki iliyofuata niliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Sikumaliza kueleza. "Dada, ndiyo hizo zinazomaliza watu bando," akasema, akaingia kwenye orodha ndefu ya huduma zinazoendesha kompyuta kimya kimya, akaitafuta inayohusika na apdeti, akaizima isijiwashe tena. Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa soda.

Nilirudi nyumbani nikiwa na amani niliyokuwa sijaijua kwa miaka. Bando la wiki likamaliza wiki. Nukta ya chungwa haikuonekana. Laptopu ikawa inawaka na kuzimika kama taa. Nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza: izimeni, hamzihitaji.

Nayarudisha maneno hayo leo. Kama ulinisikia nikiyasema, soma sehemu inayofuata.

Mafaili yenye vimshale

Mwishoni mwa Septemba nilikwenda steshenari kuchapa karatasi za mkutano. Flashi yangu ikaingia kwenye kompyuta yao, ikatoka, nikalipa, nikaondoka. Jioni nikaichomeka nyumbani ili niongeze majina mawili.

Folda zote zilikuwa na vimshale vidogo pembeni.

Wengi mnavijua. Unabonyeza folda, inafunguka kwa kusitasita, au haifunguki. Unachokiona siyo folda yako, ni kinjia cha mkato kilichowekwa na kirusi, na kila ukikibonyeza unakipa nafasi ya kuhamia kwenye kompyuta yako. Mimi nilibonyeza mara nne. Nilidhani flashi imechoka.

Kijana wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenituliza. "Mama, usiifomati. Angalia hapa." Akanionyesha kwamba flashi ambayo mbele ya macho yangu ilikuwa na vimshale tu, bado ilisema imejaa GB 3. "Yapo. Yamefichwa tu." Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika neno attrib na herufi chache za kuondoa alama ya kuficha, na mafaili yakaanza kujitokeza moja baada ya jingine. Hisa. Mikopo. Mfuko wa jamii. Faini.

Kisha akafungua antivairasi iliyomo humo humo kwenye kompyuta. Aliitazama tarehe, akanigeukia.

Taarifa zake za mwisho zilikuwa za Agosti.

Nilikuwa nimezima apdeti. Sikujua kwamba antivairasi ile nayo hupata orodha ya virusi vipya kupitia mlango ule ule. Orodha hiyo huongezwa mara kadhaa kwa siku, na mimi nilikuwa nimemfungia mlinzi ndani kwa mwezi mzima, hasikii habari yoyote ya nje, halafu nikalala nikijua nalindwa.

Tuliiwasha tena ile huduma usiku huo. Antivairasi ikapokea orodha yake, tukaikagua flashi, ikakitaja kirusi kwa jina na kukiondoa. Kikundi hakikupoteza kitu. Lakini nililala saa nane, na sikulala kwa raha.

Viraka

Baada ya hapo nilianza kusoma kuhusu mambo haya kwa hamu ambayo hata mume wangu aliishangaa. Nilichotaka kujua ni kimoja: nani ana haki, mimi ninayezikataa au wao wanaozileta?

Kisa kilichonishika zaidi ni cha mwaka 2017. Machi 14, Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kwenye Windows, kile kinachohusu namna kompyuta zinavyogawiana mafaili kwenye mtandao. Kiraka kilikuwepo. Yeyote mwenye Windows iliyokuwa bado inahudumiwa, akaruhusu apdeti, alikipata. Mei 12, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita kwenye tundu lile lile, kikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Zaidi ya nchi 150 ziliguswa. Huko Uingereza kiliingia kwenye mifumo ya hospitali, na wakaguzi wa serikali yao walikadiria kwamba zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa.

Miezi miwili. Mimi nilikuwa nimeshakaa mwezi mmoja bila kiraka chochote, na niliona nimeshinda.

Lakini sikutaka kugeuka upande mmoja tena kama nilivyogeuka kwa yule fundi, maana kuna visa vya upande wa pili. Oktoba 2018, apdeti kubwa ya Windows 10 ilisitishwa siku chache tu baada ya kuanza kutolewa, kwa sababu baadhi ya watu walikuta nyaraka zao zimefutika. Na Julai 19, 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilituma apdeti yenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikaanguka siku moja. Ndege zikakwama viwanjani, benki zikasimama. Hapo hakuna mhalifu aliyeingia. Ni mlinzi mwenyewe aliyeangukia mlango.

Kwa hiyo anayengoja siku chache kabla ya kuruhusu hana kosa. Anayengoja daima ndiye mwenye hatari. Kati ya siku chache na daima kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta.

Maji ya dumu

Nikaanza kuelewa kilichokuwa kikinikera. Kompyuta hizi zimetengenezwa zikiamini kwamba intaneti ni kama maji ya bomba yasiyokatika, bili yake moja kwa mwezi, fungua uoge upendavyo. Kwetu intaneti ni maji ya dumu. Unayanunua kwa kipimo, unayabeba, unayafunika, na unajua jioni yamebaki mangapi. Mwenye maji ya dumu hamkatalii mgeni kuoga. Anataka tu aambiwe mapema, ili asikute ndoo tupu wakati uji wa mtoto uko jikoni.

Na kumbe mahali pa kuiambia kompyuta kwamba maji haya ni ya dumu papo. Sikuwahi kuambiwa na mtu.

Ukifungua mipangilio ya Windows, ukaingia kwenye mtandao na intaneti, ukabonyeza jina la waifai au hotspoti uliyounganishwa nayo, shuka chini utakuta sehemu ya "Metered connection" na kitufe chake. Maana yake: mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Ukikiwasha, kompyuta inaacha kupakua apdeti nyingi yenyewe, isipokuwa vichache inavyoviona vya lazima. Inakungoja wewe. Kwangu kitufe hicho kimoja kimefanya kazi zaidi ya fundi, na hakikuzima chochote.

Kuna sehemu ya kusitisha apdeti, wiki moja moja hadi wiki tano. Zikiisha lazima upokee kwanza ndipo uruhusiwe kusitisha tena, na naona hilo ni haki. Kuna sehemu ya kutaja saa zako za kazi, zisizozidi saa 18 kwa siku, ambazo kompyuta haitajizima na kujiwasha yenyewe. Mimi nimeweka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita usiku.

Lililonishtua ni lile linaloitwa "Delivery Optimization". Likiwa wazi, kompyuta yako inaweza kuchukua vipande vya apdeti ulivyokwisha kuvipakua ikazigawia kompyuta nyingine, hata zilizo nje ya nyumba yako, kupitia intaneti yako. Wazo lenyewe si baya kwa mwenye bomba. Kwa mwenye dumu, ni mtu anachota kwako kwenda kumwagilia kwa jirani usiyemjua. Nimelifunga siku hiyo hiyo.

Nilikaa usiku ule nikiwa na furaha ya kweli. Nikamwambia mume wangu, "Sasa ni yangu."

Niliwahi kusema hivyo mapema mno.

Hotspoti ya binti wa dada

Binti wa dada yangu anasoma chuo hapa hapa Dodoma, na mwisho wa wiki huja kwetu. Jumamosi moja ya Oktoba simu yangu ilikuwa haina chaji, akaniambia, "Mama mdogo, tumia hotspoti yangu." Nikaunganisha, nikatuma barua pepe moja ya mistari minne, nikaenda kupika mlenda.

Tuliporudi mezani bando lake lilikuwa limekata. Lile la wiki nzima, alilolinunua asubuhi kwa ajili ya kazi ya darasani.

Nilikifungua kile kitufe mara tatu kuhakikisha. Kilikuwa kimewashwa, ila kwenye jina la hotspoti yangu. Kompyuta inaukumbuka kila mtandao kwa jina lake, na kila jina jipya inalichukulia kuwa ni bomba hadi uiambie vinginevyo. Simu ya binti ilikuwa jina jipya. Ikafungua mdomo ikanywa.

Hakusema kitu, ndivyo alivyolelewa. Nilimrudishia bando, na alipokuwa anapokea ujumbe wa kuthibitisha nikaona jinsi alivyoshusha mabega. Nikawaza ni nyumba ngapi hapa Dodoma, Nkuhungu, Ipagala, Chang'ombe, ambako mtu anamlaumu mwenzake kwamba ameangalia video usiku, kumbe hakuna aliyeangalia chochote.

Hilo nataka mlishike hata kama mengine mtayasahau: kila mtandao mpya unaounganisha, kitufe chake kiwashwe upya kabla ya jambo lingine lolote.

Jumanne ya pili

Kuna kitu kingine nilichojifunza ambacho kimebadilisha ratiba ya nyumba yangu. Apdeti za usalama za Windows zina siku yake. Hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, na mtindo huo ulianza mwaka 2003. Zinatolewa saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku miezi ile wenzetu wanaporudisha saa zao nyuma. Yaani wakati sisi tunapakua ugali, Wamarekani wa pwani ile ndiyo kwanza wamefika ofisini.

Miaka yote hiyo mgeni alikuwa na siku yake na saa yake. Ni mimi sikujua.

Sasa ninamngoja. Jumanne ya pili naiacha ipite, nasikilizia siku tatu nne kama kuna kilio popote. Ijumaa au Jumamosi nanunua bando la usiku, naangalia uniti za umeme za LUKU zisije zikaisha katikati, na laptopu naichomeka kwenye betri ya akiba ambayo fundi mwingine alinifungia, umeme ukikatika isizimike. Naruhusu kwa mkono wangu. Nakaa nayo hadi imalize, iwake tena, nione hesabu za kikundi zimefunguka. Ndipo nalala.

Na nilipoanza tu kuzoea, nikagundua kwamba mgeni anaaga.

Windows 10, iliyotoka Julai 29, 2015, ilimaliza muda wake wa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, Jumanne ya pili ya Oktoba. Apdeti ya siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kawaida. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, ni ya kizazi cha nne, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kichipu cha usalama cha toleo ambalo yangu haina. Kuna mpango wa kuongezewa viraka vya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Nimejiandikisha kwa njia hiyo ya pili. Novemba 11, saa tatu usiku, kiraka cha kwanza cha mpango huo kilitoka, na nilipokiona kwenye orodha Ijumaa yake nilifurahi kama mtu aliyeona jina la mwanawe kwenye ubao wa matokeo.

Kompyuta yenyewe haina ugonjwa. Inawaka, inajumlisha, inachapa. Baada ya Oktoba 2026 itaendelea kuwaka na kujumlisha, ila matundu yake hayatazibwa tena. Mwezi Agosti nilikuwa nalia kwa sababu apdeti imekuja. Sasa nimeshaanza kuweka akiba kidogo kidogo kwa sababu zitaacha kuja. Kijana wangu anasema tujaribu kuweka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao ni wa bure na unakubali mashine za zamani, na amenionyesha kwamba jedwali zetu zinafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya nyaraka na hesabu. Nimemwambia ajaribu kwanza kwenye flashi, likizo ya Desemba. Sitawapeleka wenzangu mahali pengine kabla sijalala hapo mwenyewe.

Mwarobaini

Jumapili iliyopita tulikutana tena. Nilikwenda na laptopu, na nilikwenda na daftari. Sasa kila Jumamosi jioni nanakili masalio yote kwa kalamu, kurasa mbili, mwenyekiti anatia sahihi chini. Yule mama aliyeniuliza kama hesabu zipo ndiye anayelitunza daftari hilo nyumbani kwake. Nilimwomba mimi.

Upepo ulikuwa umetulia, mawingu ya mvua za kwanza yametanda upande wa Chamwino. Nikawasha. Ikawaka kwa dakika moja, jedwali likafunguka, mistari 22.

Bibi alifika akiwa amechelewa, akasalimia "Mbukwenyi", akadondosha faini yake kwenye bakuli bila kuulizwa. Akaja moja kwa moja nyuma yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo inamfanyia kazi nani?"

"Leo ni yetu, bibi."

"Haya, nisomee."

Nikaanza na hisa zake. Sikuwa nimefika kwenye mkopo, alishaitaja namba mwenyewe, na ilikuwa ndiyo.